Tangazo la Tatu

Hakuna mtu aliyewahi kuifanya Jumatatu ikapendeza kama Mzee wa Matangazo. Mahubiri yakishakwisha, watoto wameanza kusinzia mabegani mwa mama zao na jua limeshafika benchi la tatu, yeye huinuka pale alipokaa, karibu na kinanda, akaenda mbele bila haraka, akafungua daftari lake gumu la jalada jekundu, akakohoa mara moja. Kisha husema, "Jumatatu." Halafu ananyamaza kidogo, ukadhani Jumatatu ni mgeni aliyesimama mlangoni anangoja kukaribishwa.

Hapo sote tulikaa sawa. Mahubiri ya mchungaji walikuwepo wa kuyalala, tena waziwazi. Matangazo ya mzee yule hakuyalala mtu.

Jina alikuwa nalo, na limeandikwa katika orodha ya wazee wa kanisa iliyobandikwa ofisini, lakini hakuna aliyelitumia. Alikotoka na mtoto wa nani, sitasema. Si kwamba ni siri, ila nikianzia huko nitamaliza karatasi sijafika nnapotaka kufika. Nnataka kueleza alivyokuwa, kwanza kwa sababu nnamkumbuka mpaka naona tabu, na pili kwa sababu kuna jambo alinifanyia ambalo usharika mzima unalijua kinyume.

Usharika wetu ni mdogo. Walutheri Unguja ni wa kuhesabika: askari, wauguzi, walimu, wapishi na watandika vitanda wa mahoteli, wengi wao watu wa bara waliokuja kikazi. Leo yuko nawe kwenye kwaya, mwezi ujao kahamishwa, benchi limebaki na mto wake wa kukalia. Mie nimezaliwa hapahapa, baba yangu alikuwa polisi, nimesoma hapa na nnasomesha skuli hapa. Kwa hiyo nimeona watu wengi wakija na kuondoka, na katika wote hao yeye ndiye aliyekuwa hapungui. Ukirudi likizo ukamkuta kasimama na daftari lile, unajua umefika nyumbani.

Wiki yake ilikuwa na mpango usiobadilika. Jumatatu jioni, ibada ya Paje. "Si Jumapili," alikuwa akieleza kila wiki, kama vile hatujapata kusikia, "kwa sababu Jumapili wenzetu wanawatandikia watu vitanda." Jumanne, mazoezi ya kwaya. Jumatano, ibada za nyumba kwa nyumba. Alhamisi, umoja wa wanawake kutembelea wagonjwa. Akifika Ijumaa alisema, "Ijumaa hatuna neno. Ni siku ya majirani zetu," akafunua ukurasa taratibu kwa heshima. Jumamosi, darasa la kipaimara na usafi wa kanisa, kila mtu na ufagio wake. Mwisho kabisa ndipo yalipokuja matangazo ya ndoa, ambayo kwetu husomwa Jumapili tatu mfululizo: mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu na ya mwisho.

Siku hizi matangazo tunarushiana kwenye kundi la simu tangu Ijumaa, na watu wanayasoma huku wanamenya viazi. Yeye alilichukia kundi lile. Alisema simu haijui kubisha hodi. Kanuni yake ilikuwa kwamba hasomi tangazo ambalo hakulisikia mdomoni mwa mwenyewe, kwa hiyo Jumamosi kutwa alikuwa barabarani na baiskeli, mpaka anakuja kulala miguu imevimba. Mama mjane anataka maombi? Atamfuata kwake. Kijana anataka kubatiza mtoto? Atakaa, atakunywa chai, atamwangalia mtoto usoni. Ndoa ndizo alizozikazania zaidi. Lazima amsikie bwana harusi, lazima amsikie bibi harusi, kila mmoja peke yake, na si mara moja: kabla ya kila Jumapili katika zile tatu. Tulimcheka. Tulisema mzee huyu anatafuta chai tu, na kweli chai alikuwa akiinywa, vijiko vitatu vya sukari ambavyo daktari alikwisha mkataza.

Kilichomtia aibu maisha yake yote, kwa anavyosema mwenyewe, ni kuelekeza njia. Vichochoro vya Mji Mkongwe mtu huelekezwa kwa macho na pua, na yeye alielekeza hivyo hivyo akiwa mbele ya madhabahu. "Ibada ya Jumatano iko kwa dada yetu muuguzi. Ukipita duka la vitambaa, nusa, utasikia buni zinakaangwa, kata kushoto, mlango wa tatu, wa kijani." Sasa wiki ile mwenye mlango wa kijani kaupaka hudhurungi, na wa jirani ndio umepakwa kijani. Watu wetu wanne wakaenda, wamevaa vizuri, vitabu vya nyimbo mkobani. Wakapokelewa kwa bashasha, wakakalishwa, ikaletwa halua, ikaletwa kahawa, wakaulizwa hali za huko watokako. Wao wakashangaa ukarimu wa dada muuguzi, mwenyewe hawamwoni. Mpaka mwinjilisti aliyekuwa nao alipofuta mdomo akasema tuanze na wimbo, ndipo mwenye nyumba alipouliza wimbo wa nini. Kumbe nyumba ile walikuwa wakiwangojea washenga wanaokuja kumposa binti yao.

Ilikwisha kwa vicheko, na washenga wenyewe walipofika waliikuta halua imepungua. Lakini mzee hakucheka. Alhamisi yake alikwenda nyumba ile kuomba radhi, Jumapili akaomba radhi tena kanisani. Alikuwa hivyo. Kosa lake likiwa dogo kama punje, atalipeleka mbele za watu walione.

Kwake kulikuwa chumba kimoja na roshani, ghorofani, juu ya bibi mmoja mtu mzima wa Kiislamu tuliyemwita Bi Jirani. Wale wawili waligombana kila siku juu ya maji ya kumwagia ngazi na hawakuweza kukaa siku mbili bila kuonana. Ramadhani mzee hali kitu mchana hadharani, na magharibi futari yake inapanda ngazi imefunikwa kawa. Krismasi kuku wake anachinjwa na mtoto wa Bi Jirani, ili nyumba nzima ipate kula. Ibada ya nyumbani ikiwa kwake tuliimba kwa sauti ya chini, kwa adabu ya jirani. Siku moja tunashuka, Bi Jirani yuko kizingitini anatungojea. "Leo ule wa mwisho hamkuuimba, mbona?" akatuuliza. "Mie nimekaa hapa naungoja." Ikabidi tusimame pale pale ngazini tumwimbie.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na hasira za karibu. Viti vikipangwa ovyo alivipangua vyote, hata kama watu wameshakalia. Alisema hapendi umbea, na hakuna aliyekuwa na habari za watu kama yeye; alisema wakati ni mali ya Mungu, na siku ya kutunzwa kwake baada ya miaka mingi ya utumishi alichelewa saa nzima kwa kuwa alikuwa kwa fundi anatia pachi tairi. Kuimba hakujui. Kwaya walimwomba kwa upole awe anafungua mdomo tu. Akakubali, akafungua mdomo, na sauti ikatoka.

Na mnada! Baada ya ibada tunanadi nje zile sadaka za vitu, mayai, nazi, jogoo mwenye hasira. Siku moja dada mmoja anayefua shuka hotelini Paje alileta furushi la mwani mkavu, alilopewa na wanawake wanaoulima huko, akalitoa sadaka kwa moyo mweupe. Watu kimya. Nani ataupeleka wapi mwani? Dada wa watu kainamisha kichwa. Mzee akanunua furushi zima, akalibeba kwenye baiskeli, na harufu ile ilikaa roshani kwake mpaka Bi Jirani akatishia kuhama. Nilipomuuliza ataufanyia nini alinitazama kama mwanafunzi asiyesikia. Alisema tangu lini sadaka ikaulizwa kazi yake.

Sasa nifike kwenye langu.

Nilichumbiwa na fundi wa majokofu wa hoteli moja Uroa, mtu wa bara, mpole wa kusema, tena anajua kuvaa. Nilimpenda sana. Tangazo letu likasomwa mara ya kwanza, kanisa likapiga makofi. Likasomwa mara ya pili. Ijumaa ya kuamkia wiki ya tatu nikapata ujumbe wa mistari miwili kwamba yeye amekwisha vuka bara, kwao wana mipango mingine, nimsamehe. Nikapiga, simu imezimwa. Sikumwambia mtu. Hata mama yangu, tuliyelala chumba kimoja, sikumwambia. Nilijipa moyo kwamba atarudi, na nikaingiwa na wazimu kwamba tangazo la tatu likisomwa ndilo litakalomrudisha, kwa kuwa mtu hawezi kutangazwa mara tatu mbele ya Mungu akabaki kwao amekaa.

Jumamosi jioni mzee akaja kwa kawaida yake. Mama alikuwa sokoni. Akakataa chai, na hapo tu nikajua kuna jambo.

"Nimetoka Uroa," akasema. "Chumba kitupu."

Nikamwambia, "Soma, Mzee. Atarudi."

"Una hakika?"

"Soma. Si unataka mdomoni mwangu? Basi nimesema, soma."

Alikaa kidogo, daftari limefungwa magotini na kidole chake kimo ndani, kisha akaaga.

Jumapili akaanza Jumatatu, akaja mpaka Jumamosi, akaingia kwenye ndoa. Akasoma ya wenzangu mawili. Nilikuwa benchi la nne, nakiona kidole chake. Kikashuka mpaka mstari wetu, kikasimama. Akainua uso, akasema, "Na hayo ndiyo matangazo yetu," akafunga daftari, akarudi kukaa. Sijapata kumchukia mtu kama nilivyomchukia dakika ile.

Nje mama alimngojea mlangoni, mbele ya wazee wenzake na mchungaji. Akamuuliza kwa nini amemruka mwanawe, au binti yake si mtu. Mzee akavua kofia. "Nimeruka, mama," akasema. "Ni macho. Mistari inanichezea. Nisamehe." Na Jumapili iliyofuata, kabla hajafungua daftari, akalirudia mbele ya usharika wote, kwamba wiki iliyopita aliruka mstari kwa sababu macho yake hayamsaidii tena. Hakutaja mstari gani.

Ilinichukua karibu mwaka kufahamu. Kwetu tangazo la ndoa likishasomwa mara tatu limekamilika, na likiharibika hufutwa kwa tangazo, pale pale mbele, kwa majina yote mawili, na anayelisoma ni yeye. Likisomwa mara mbili tu linakufa lenyewe. Hakuna anayeliuliza. Mama alipokuja kujua kwamba mchumba kakimbia, alimshukuru Mungu kwa macho mabovu ya mzee. Watu walisema nimenusurika kwa bahati. Nami nikaacha waseme.

Lakini maneno yake yalikwisha ingia masikioni mwa wazee wa kanisa. Palikuwa na waliotaka matangazo yawe mafupi, na sasa wamepata sababu. Bi Jirani alipoambiwa mzee haoni alicheka sana. "Haoni? Wallahi juzi kanisomea karatasi ya dawa, maandishi kama sisimizi." Nani atamsikiliza Bi Jirani katika mambo ya kanisa? Wakamstaafisha, wakamtunza shuka na saa ya ukutani, na daftari wakanipa mie, eti mwalimu, nna sauti. Nikalipokea mikononi mwake mbele ya watu wote, akanitazama kwa yale macho yake mazima, na sikufungua mdomo. Ndiyo fadhila za punda.

Uongo ule haukuishia hapo. Mtu aliyekwisha tangazwa kuwa haoni haachiwi baiskeli. Mtu asiyeona haachiwi kukaa ghorofani peke yake. Binti yake akamchukua kwake Kiembe Samaki, jirani na uwanja wa ndege, asije akaanguka ngazi, na Bi Jirani akabaki na futari ambayo hana wa kumpandishia. Mwaka huu binti kapata uhamisho, ikaamuliwa mzee aende bara, moja kwa moja, kwa mwanawe wa kiume. Kila hatua niliiona, na kila hatua ilianzia kwenye mstari wangu. Nilikuwa nikisoma "Jumatatu" pale mbele huku nikitamani yeye ndiye aisome, na nikijua kwa nini haisomi.

Jumamosi ya kuamkia ibada ya kumuaga nilikwenda Kiembe Samaki, nimeazimia kusema kweli mbele ya watu, wamrejeshe kwake ikiwezekana. Nilimkuta uani, ungo magotini, anachambua mchele. Mawe anayatupa pembeni moja moja, madogo kama mbegu za nyanya.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Vuta kigoda."

Ndege ikapita juu inatua, tukangoja iishe makelele yake. Nikamwambia kesho ntasema kwamba macho yake mazima, na kwamba aliruka kwa ajili yangu. Hakuonesha kushtuka. Akaendelea kuchambua, akaniuliza nani kanituma. Nikasema hakuna, ni moyo wangu, nimechoka nao.

Akaweka ungo chini.

"Sikiliza," akasema. "Miaka yote ile nilisimama pale nikasoma ya watu. Harusi za watu, misiba ya watu, kwaya ya watu. Langu mwenyewe lilikuwa moja tu, lile nisilolisoma. Ukilitangaza wewe, mie ntabaki na nini?"

"Lakini wamekutoa kwako, Mzee. Sasa wanakupeleka bara."

"Wananipeleka kwa mwanangu, si jela." Akapunguza sauti. "Mji nautamani. Sikufichi. Yule bibi naye, na kelele zake. Nikiamka huwa nasikiliza kama anamwaga maji. Lakini hilo ni langu. Usilibebe."

Nililia pale uani kama mtoto. Yeye akanisogezea ungo, akaniambia nimsaidie, mchele haujichambui.

Jumapili nikasoma. Jumatatu, ibada ya Paje. Jumanne, kwaya. Nikaja mpaka Jumamosi, hakukuwa na ndoa, nikafika kwenye kumuaga. Sentensi yangu ilikuwa tayari mdomoni, nimeisema usiku kucha. Mama wawili wa umoja wa wanawake wakamwendea benchi la kwanza, mmoja mkono wa kulia, mmoja wa kushoto, wakaanza kumleta mbele. "Ngazi, Mzee," wakamwambia, "ngazi nyingine." Na yeye akainua mguu juu kuliko ngazi ilivyo, akapapasa kwa kiatu, akaushusha pole pole. Nyuma watu wakawa wanafuta machozi kwa kumwonea huruma. Akainua uso akanitazama mara moja, sawasawa, kama anavyotazama mtu anayeona.

Nikafunga daftari.

Usharika ukaimba, mchungaji akamwombea, na yeye akaimba vibaya kwa sauti kubwa. Ilipokwisha wale mama wakamgeuza, akawaomba wampitishe kwangu. Akanyoosha mkono hewani upande ambao sipo, akauleta pole pole mpaka ukaukuta wangu.

"Umesoma vizuri," akasema.

"Ahsante, Mzee."

Tangu Jumapili ile aliyoruka, sikuwa nimewahi kumwambia neno hilo. Wale mama walidhani nnamshukuru kwa kunisifu. Yeye aliubana mkono wangu kwa nguvu, akakaa nao kidogo, kisha akauachia, akawapa wale mama mikono yake yote miwili wamwongoze mpaka mlangoni.